Ziwa la Juu, Saa 3

Jumatatu asubuhi mkuu wa ofisi ya njia za milimani aliingia karakana ya vibao, akaweka kipande cha karatasi juu ya meza yenye madoa ya rangi, akasema, "Njia imefungwa." Mchora vibao akadhani anapewa habari. Kumbe anapewa kazi. Hayo ndiyo yalikuwa maandishi ya kibao kipya, na kibao kilitakiwa kisimame njia panda ya Ziwa la Juu kabla ya Ijumaa.

"Hakuna anayekwenda huko," mkuu alisema. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa daftari tu. "Mwaka mzima wamepanda watu kumi na tisa. Ziwa la Chini wamefika elfu nne. Siwezi kuweka mtu wa kufyeka njia inayopitwa na nyani."

Huyo mtu wa kufyeka alikuwa kaka yake mchora vibao, tumbo moja, na mkuu alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa akizungumza na makopo ya rangi.

Pale ofisini yule mama mchora vibao aliitwa Herufi. Kwa miaka kumi na minane hakikusimama kibao kwenye milima ile bila kupita mikononi mwake, kuanzia kile cha getini cha "Usitupe taka" mpaka kile cha daraja la kamba, "Mmoja mmoja". Alikuwa na sheria yake: maneno machache, herufi kubwa. Mtu anayepanda mlima anahema, hana nafasi ya kusoma barua. Alijivunia sheria hiyo kuliko alivyojivunia wanawe, na wanawe walilijua hilo wakawa wanamcheka. Lakini sikia aibu sasa: bingwa huyu wa njia hajawahi kupanda hatua moja kupita Ziwa la Chini. Yeye alichora, kaka yake akabeba na kusimika. Akiulizwa husingizia magoti. Magoti yake yalikuwa mazima kuliko yangu na yako.

Kaka mtu aliitwa Buti, kwa sababu hata harusi ya dada yao mkubwa aliiendea na mabuti, tena yana matope. Njia ya Ziwa la Juu aliifungua yeye kwa panga na sururu, viangazi vitatu, jiwe kwa jiwe. Alipoonyeshwa kibao kipya alikisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta ndoo, akaikalia.

"Hiki mimi sikibebi," alisema.

"Kaka, ni amri. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Langu lilishavunjika huko huko, mara mbili. Umeandika wewe, kakisimike wewe. Mimi nitakusindikiza tu, nikaliage ziwa langu."

Jumatano wakatoka getini geti lilipofunguliwa, saa mbili na nusu. Buti mbele na fimbo yake, Herufi nyuma, kibao kimefungwa kwa gunia mgongoni, na mkobani kopo la rangi nyeupe, jingine la nyeusi na brashi mbili. Maneno yalikuwa haba. Si kwamba waligombana. Salamu zilikuwepo, misiba walisaidiana, watoto walitumwa huku na huku. Ila kati yao kulikuwa na kitu kimekaa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake akiondoe.

Wakafika njia panda, wakaketi. Mbele yao kilisimama kibao cha zamani chenye mshale wa kupanda: ZIWA LA JUU, SAA 3. Herufi alikitazama kwa huzuni ya mzazi. Ile tatu ilikuwa imetoka vizuri, mviringo wake safi, na miaka kumi na sita ya mvua haikuifuta.

Hawajakaa sana wakatokea watu wawili wanahema, mume na mke. Wakaamkia, wakajieleza kama wasafiri wanavyofanya: mke muuguzi, mume fundi saa, likizo yao ya kwanza pamoja tangu waoane. Kisha mume akasogea kwenye kibao, akasoma, akainua mkono akatazama saa yake.

"Tumechelewa, mke wangu," alisema. "Saa tatu imepita. Sasa ni tatu na dakika arobaini."

"Labda watatuhurumia."

"Saa ni saa. Mimi ninayegombana na wateja kwa kuchelewa, nikaombe kungojwa? Turudi Ziwa la Chini tupige picha."

Herufi alitaka kucheka. Badala yake akainuka. Akakitazama kibao chake kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Saa 3. Mwendo uko wapi? Kwenye vibao vya maziwa ya chini kulikuwa na dakika, na dakika ishirini hazimchanganyi mtu. Njia hii peke yake ndiyo iliyokuwa na saa. Na geti likifunguliwa saa mbili na nusu, nani anafika hapa kabla ya tatu? Miaka kumi na sita watu wamekuwa wakifika, wanatazama mikono yao, wanageuka. Hata alipofiwa na mumewe hakuwahi kujiona ameharibu kitu kikubwa hivi, maana kile kifo hakikuwa kazi ya mikono yake.

"Baba," alimwita yule fundi. "Hiyo si saa ya kufika. Ni mwendo. Mwendo wa saa tatu."

"Mbona hawajaandika hivyo?"

"Si wao. Ni mimi sijaandika."

Buti alimtazama dada yake, akakitazama kibao, akarudi kwa dada yake. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akifyeka njia huku akiamini watu wameikataa. Herufi alingoja matusi, na aliona anayastahili. Buti akainuka, akajipangusa suruali. "Twendeni wote," alisema. "Jua bado changa."

Wakapanda wanne. Msitu ukawa mfupi, ukawa vichaka, ukawa nyasi, na baada ya nyasi mawe matupu. Kila penye utelezi palikuwa na jiwe limewekwa mahali mguu unapolitaka, na Herufi alikanyaga moja baada ya jingine akijua ni mkono wa kaka yake. Muuguzi aliacha kuongea. Fundi saa aliacha kutazama mkono. Kwenye kilima cha mwisho Buti akawazuia wageni kwa fimbo, akamwambia dada yake, "Tangulia wewe."

Akatangulia. Akasimama.

Maji yalikuwa yamelala kimya, si buluu wala si kijani, na mlima wenye theluji kichwani ulikuwa umesimama mara mbili, mmoja juu na mmoja chini, na pale walipokutana hapakuonekana mshono. Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na ndege. Herufi alisikia damu yake ikipita masikioni, akaogopa kukohoa asije akaliharibu lile jambo. Akageuka, na huko alikotoka akaona mawingu yako chini ya miguu yake, na katika matundu ya mawingu maziwa yote aliyoyaandika maisha yake yote, moja baada ya jingine, yakishuka kama ngazi. Kutoka ziwa hili ulitoka uzi mwembamba wa maji, ukamwagikia lililofuata, nalo likamwagikia jingine, mpaka bondeni. Majina yao aliyajua, na ukubwa wa kila herufi. Hakujua kwamba ni ukoo, na huyu hapa ndiye mama yao.

Alitafuta neno. Yeye anayekula kwa maneno alitafuta hata moja, akakosa. Akavua viatu, akakaa chini, machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Nyuma yake fundi saa alivua saa yake akaitia mfukoni, akamshika mkewe mkono.

Buti akaja akaketi. Herufi akasema, "Ulipomaliza njia hii ulinialika. Nilikuja, kaka."

"Hukuja."

"Nilikuja getini saa tatu, kama ulivyosema. Nikasimama mpaka mchana. Nikasema basi, kaka ananidharau, mimi mchora vibao tu."

Buti akashusha pumzi. "Nilikwambia saa tatu za kutembea. Nilikungoja njia panda tangu alfajiri na chupa ya chai. Nikasema, dada amepata meza ofisini, mtu wa panga hamfai tena."

"Na karatasi ya kibao uliniletea wiki ile ile. Uliandika 'mwendo wa saa tatu'. Nilikuwa nimenuna, nikaona maneno yamezidi ubao, nikayakata."

Kisha Buti akaanza kucheka, taratibu, mabega yakimtikisika, na Herufi akacheka akilia, na mlima wa ndani ya maji haukutikisika.

Waliporudi njia panda jua lilikuwa bado lipo. Herufi akafungua gunia, akakilaza kibao kipya kifudifudi, akapaka mgongo wake rangi nyeupe. Ilipokauka akaandika kwa nyeusi, herufi nyembamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, na mstari wa mwisho ukambana kabisa ukingoni. Fundi saa alikaa mpaka mwisho, akahakiki kila neno na mshale, kisha wote wakang'oa kibao cha zamani, wakasimika kipya.

Ijumaa mkuu wa ofisi alipanda mwenyewe na daftari, amekasirika. Herufi na Buti walikuwa wamesimama hapo wanamngoja. Akasoma: ZIWA LA JUU. MWENDO WA SAA TATU KUTOKA HAPA. HUJACHELEWA.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Kosa lilikuwa langu, si la njia. Niadhibu mimi."

Akamweleza yote. Alipokuwa bado anaeleza wakafika vijana watano, wakasoma, wakaulizana kuhusu maji ya kunywa, wakafuata mshale. Mkuu akawatazama mpaka wakapotea msituni. Akafungua daftari, akaandika tano. Akasema njia itaachwa wazi mpaka mwisho wa mwaka, halafu atahesabu tena.

"Ila hilo neno la mwisho lifute," aliongeza. "Mwendo umeshaeleweka. Wewe mwenyewe ndiye wa maneno machache."

"Yote nitayafuta ukitaka, mkuu, nianze upya," Herufi alijibu. "Hilo hapana. Hilo nimemwandikia kaka yangu."

Buti aliokota panga lake, akaanza kupanda, na baada ya hatua chache akasimama kumngoja dada yake.