Nyumba ya Kuonyeshwa Wageni

Mwenyekiti wetu, Mzee Ackson, ameniagiza niandike historia ya Chama cha Nyumba Nafuu Nkunga, ukurasa mmoja tu, "bila maneno maneno." Mimi Lugano ni katibu tangu chama kizaliwe, na nimechoka. Rasimu mbili amezirudisha. Hii ni ya tatu, na najua haitampendeza.

Tulianza mwaka 1989, enzi za ruksa, mabati yalipoanza tena kuonekana madukani Tukuyu. Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Wanachama ishirini, kila kiangazi tunafyatua matofali pamoja, tunajenga nyumba moja moja, tunaanza na mwenye shida kuliko wote. Hapo hatukubishana, jambo la ajabu, maana watu wa Nkunga hubishana kama mvua inanyesha huku wameshalowa.

Mwenye shida kuliko wote alikuwa Elina, mjane. Aliishi na mama yake mzazi, kikongwe asiyeweza kusimama, katika nyumba ya mianzi iliyovuja kila kona. Elina alifyatua matofali kuwapita wanaume watatu. Aliyabeba kichwani kutoka tanurini mpaka kwenye msingi, halafu anakimbia nyumbani kumgeuza mama yake kitandani.

Nyumba ilikwisha Oktoba 1990. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati jipya unaliona tangu barabarani. Tungempa ufunguo siku ileile, leo ningekuwa napalilia migomba yangu. Lakini Mzee Ackson akasema, "Hii ni nyumba ya kwanza. Haiingiwi hivihivi. Lazima izinduliwe na mgeni."

Mgeni gani? Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mkubwa mmoja wa mkoani alikubali, akapatwa na safari. Wafadhili wa nje wakaandika watakuja Januari. Januari ilipofika wakaandika Agosti. Masika ya kwanza yakapita, nasi tunafagia. Tukapaka chokaa upya mara tatu. Ufunguo nilikabidhiwa mimi, nikautia kamba nikauvaa shingoni kama mtoto aliyefungwa hirizi.

Kila gari lenye maandishi ubavuni lililokosea njia lilisimamishwa. Tuliwavua wageni viatu mlangoni, tukawaonyesha chumba kisicho na kitanda. Walisema, "Vizuri sana," wakasaini kitabu, wakaondoka. Nyumba ilitembelewa kuliko hoteli, na hakuna aliyelala humo hata usiku mmoja.

Mvua za Aprili za huku kwetu hazina haja ya kuelezwa. Mchana mmoja wa Aprili 1992 Elina alikuja kwangu amejitanda gunia, maji yanamchuruzika.

"Mwanangu Lugano," alisema, "nifungulie, mama alale pakavu siku mbili tatu tu. Mgeni akija tutatoka. Nitapiga deki mwenyewe."

"Mama, vumilia kidogo," nikamjibu. "Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Tukiichafua sasa, Mzee Ackson atanila mbichi."

Hakubisha. Aliitazama ile kamba shingoni mwangu, akasema, "Ndaga," yaani ahsante, akarudi kwenye mvua.

Mama yake alifariki siku ya tatu. Wafadhili hawakuja wiki ile. Walikuja Juni.

Siku hiyo kulikuwa na utepe mwekundu, ngoma, na pilau la Kuruthumu, mama wa watoto wanne aliyekuwa wa pili kwenye orodha yetu, amepanga chumba kimoja Kiwira. Nilivua kamba shingoni, Mzee Ackson akampa mgeni ufunguo, mgeni akampa Elina. Akaambiwa ashukuru.

Elina aliwapa wageni mgongo, akatugeukia sisi.

"Ndaga fijo, ahsanteni sana. Matofali haya nayajua moja moja. Niliyafyatua ili mama yangu afie pakavu, amefia kwenye maji. Mimi peke yangu, ile ya mianzi inanitosha." Kisha akamshika Kuruthumu mkono, akamtia ufunguo kiganjani. "Ingia leo, mwanangu. Usisubiri wafagie."

Kuruthumu alilia. Mzee Ackson akaanza kusema kwamba jambo hilo linahitaji kikao. Mkalimani naye, Mungu amsamehe, aliwaambia wageni kwamba mama huyu amefurahi sana, na wageni wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwenye rasimu ya pili haya yote niliyaandika. Mzee Ackson aliyakata kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika: "Weka hivi: kukabidhi nyumba ya kwanza kulicheleweshwa na mvua."

Hapana, Mwenyekiti. Mvua haikuchelewesha kitu. Nyumba ilikuwa imekwisha, kavu, tupu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.