Kiu ya Shangazi

Shangazi alikuwa mwalimu wa udereva, na kiu ilipomwanza, wanafunzi wake ndio waliokiona cha moto. Kila robo saa: "Simama hapo kituo cha mafuta!" Anashuka mbio kwenda chooni, anarudi na chupa nyingine ya maji.

Baba yangu, kaka yake mkubwa, hakungoja vipimo. "Hiyo ni sukari, dada. Haina mjadala." Siku hiyohiyo akaficha bakuli la sukari juu ya kabati, nyumba nzima tukanywa chai bila sukari. Maabara ikasema sukari iko sawa. Baba akasema mashine yao mbovu.

Daktari wa kwanza akaona ni wasiwasi tu. "Wasiwasi?" Shangazi akashangaa. "Miaka kumi na miwili nakaa pembeni ya watu wasiojua breki iko wapi! Ungekuwa wasiwasi, ungeshaniua."

Kisha asubuhi moja akaamka nusu ya uso imelegea, jicho halifumbi, uji unamchuruzika. Kiharusi! Tukamkimbiza hospitali kubwa. Picha ya kichwa ikaonyesha si kiharusi. Daktari wa zamu, binti mwenye sura ya mwanafunzi, akamkagua toka utosini mpaka akakomea gotini.

"Kovu hili la lini, mama?"

"La utotoni. Kaka alinisukuma na baiskeli."

"Alianguka mwenyewe," baba akadakia.

"Na limevimba tangu lini?"

Shangazi akaliangalia goti kama la mtu mwingine. "Aa… kama tangu kiu ianze."

Wakakata kipande cha kovu wakakipima, wakapiga picha ya kifua. Jibu likaja: sakoidosisi.

"Kinga ya mwili wako inajenga vinundu pasipo na kazi," daktari akaeleza. "Vingine vimeingia kwenye kovu, vingine vimebana mshipa wa uso. Vingine viko kwenye tezi ya ubongo inayoziamuru figo zitunze maji, ndiyo maana una kiu."

"Kwa hiyo sina kisukari, sina kiharusi, wala sina wazimu?"

"Wazimu sijaupima, mama."

Shangazi akacheka kwa upande mmoja wa uso hadi machozi yakamtoka.

Alipewa vidonge vya kutuliza kinga, na kingine cha kuzuia maji ambacho anakimeza hadi leo. Wiki ya sita tukasikia mluzi bafuni. Baba akadhani ni redio. Shangazi akatoka na mswaki mkononi, akatufumbia jicho, akalifumbua, akalifumba tena.

"Linafumba!"

Baba akageukia dirishani, akasingizia mafua.

Likabaki tatizo moja: vile vidonge vilimtia njaa ya ajabu. Alikuwa akimaliza mkate mzima peke yake, na ukimtazama tu anasema, "Maagizo ya daktari."