Nafasi ya Tano kwa Dwight Lukens

Sal Tedesco aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, akavuta kiti, akakaa na koti lake mwilini. Nje theluji ya kwanza ya Novemba ilikuwa ikiyeyuka juu ya viti vitupu vya uwanja.

"Lukens simtaki," akasema. "Tuanzie hapo."

Mimi nilikuwa kocha mkuu wa timu ya besiboli ya Brannock, mji wa viwanda vya chuma kando ya Mto Ohio, na Sal alikuwa kocha wangu wa warushaji. Kazi yetu asubuhi ile ilikuwa ileile ya kila mwaka: kupanga warushaji watano watakaoanza mechi msimu ujao, kila mmoja na siku yake, kwa zamu, kuanzia wa kwanza hadi wa tano, kisha unarudi kwa wa kwanza. Tunacheza karibu kila siku, na mkono wa mtu ni nyama na mishipa tu. Akirusha leo, lazima apumzike hadi zamu imzungukie. Ukiwapanga vibaya hao watano, Julai inakukuta huna timu.

Anayeshika namba moja ndiye anayefungua msimu. Brannock nzima ilimjua huyo ni nani: Dwight Lukens, bonge la mtu kutoka mashamba ya Indiana, ndevu nyekundu, mdomo mchafu. Alikuwa amefungua msimu kwetu tangu kabla mimi sijaajiriwa. Watu walimfahamu kuliko walivyomfahamu meya wao. Lakini sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, na kati yake na Sal mambo yalikuwa yameharibika kabisa.

Yaliharibika Septemba, katika mechi ya nusu fainali. Lukens alikuwa amechoka, wapinzani wameanza kuipiga mipira yake, nikamtuma Sal akamtoe. Kwa desturi mrushaji anamkabidhi kocha mpira mkononi, anaondoka. Lukens hakumkabidhi. Aliutupa chini, miguuni mwa Sal, mbele ya uwanja mzima, akamwambia, "Okota, mzee. Hiyo ndiyo kazi pekee unayoiweza." Aliyeingia badala yake mpira wake ukapigwa ukavuka ukuta, msimu wetu ukaishia hapo. Lukens alisema Sal ndiye aliyetupotezea. Sal alisema Lukens ndiye aliyetuachia moshi na majivu. Tangu siku ile walikuwa hawajasemezana.

"Namba moja ni Brito," Sal akaendelea. "Hapo hatubishani."

Hatukubishana. Ezequiel Brito, kijana wa Santo Domingo, alikuwa na mpira wa kasi ambao wapigaji waliusikia tu ukipita. Namba mbili, tatu na nne pia tulizimaliza kabla kahawa haijapoa. Ikabaki nafasi ya tano.

"Hiyo mpe yeyote," Sal akasema. "Mpe hata anayekata nyasi."

"Sal, Lukens alishinda mechi kumi na mbili mwaka huu."

"Tisa kati ya hizo kabla ya Julai. Baada ya hapo bega limeshuka. Hulioni? Anarusha kama mtu anayefunga mlango wa zizi."

"Unasema hivyo kwa sababu ya bega au kwa sababu ya Septemba?"

Aliniangalia kama anayetaka kunizaba kofi. "Unaniuliza mimi hivyo, Gene? Baada ya miaka yote hii?"

Mlango ulifunguliwa, akaingia Lukens mwenyewe, theluji kwenye viatu, kofia ya sufu kichwani. Mama Renfrow, mwenye timu, alikuwa amemdokeza kwamba siku hiyo tunapanga. Mama yule alimpenda Lukens kama mwanawe, na kufunga mdomo hakukuwa fani yake.

"Endeleeni," Lukens akasema. "Mlikuwa mmefika kwenye zizi."

"Kikao hiki si cha wachezaji," nikamwambia.

"Najua. Ni cha wachawi." Akamgeukia Sal. "Sema sasa nikiwa hapa. Bega langu limefanya nini?"

"Limekufa," Sal akasema, bila hata kuinua sauti. "Wewe peke yako ndiye hujapelekewa taarifa ya msiba."

"Uliwahi kurusha mpira wewe? Maisha yako yote umechuchumaa nyuma ya mpigaji, unadaka vya wenzako."

"Ndiyo. Na ndiyo maana najua mpira ulio hai na uliooza. Unausikia kwenye glavu."

"Basi twende ukausikie."

"Twende."

Nikasema hakuna anayekwenda popote, ni Novemba, mkono haujapashwa moto kwa wiki kadhaa. Nilikuwa naviambia viti. Wameshatoka.

Banda letu la mazoezi lilikuwa ghala la zamani la mabati nyuma ya uwanja, na baridi ya humo ndani ilikuwa mbaya kuliko ya nje. Nikawasha majiko ya gesi. Lukens alijinyoosha na kurusha taratibu ukutani kwa muda mrefu, hapo sikumlaumu, hakufanya pupa. Sal alivaa kinyago na kinga ya kifua, akachuchumaa. Magoti yake yalilia kama bawaba. Alikuwa na miaka hamsini na nane na daktari alishamkataza kuchuchumaa, lakini sura aliyokuwa nayo haikuwa ya mtu wa kukumbushwa habari za daktari.

Mdakaji ndiye anayeomba mpira, kwa vidole, chini kati ya mapaja. Kimoja ni wa kasi. Viwili ni wa kupinda. Mrushaji anafuata, kwa sababu asipofuata mdakaji anakuwa amejiandaa kwa kitu kingine kabisa.

Mipira ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya katikati ilikuwa mizuri. Sal alidaka na kurudisha, alidaka na kurudisha. Lukens akaanza kuongea.

"Huo umeoza, mzee? Huu je? Niambie unavyonuka."

Sal akaonyesha vidole viwili. Niliviona, nilikuwa nimesimama kando ya Lukens. Akasogeza glavu chini kungoja mpira unaoshuka. Lukens akarusha wa kasi, wa juu, kwa nguvu zake zote. Sal aliinua mikono kujikinga usoni, mpira ukamkuta kwenye mkono usio na glavu. Nilisikia kitu kikivunjika.

"Samahani, kocha," Lukens akasema. "Nilidhani umeonyesha kimoja."

Nilimshika Lukens kifuani, nikamwambia atoke kabla sijafanya jambo la kunifungisha. Lakini Sal alikuwa amevua kinyago. Kidole chake cha pete kilikuwa kimepinda pembeni, na uso umemgeuka rangi ya uji. Akatoa plasta mfukoni, akakifunga pamoja na cha jirani kwa kutumia meno, akavaa kinyago tena.

"Rusha," akasema.

"Sal, acha upumbavu," nikamwambia.

"Sijamaliza kusikiliza. Rusha."

Na Lukens akarusha. Safari hii alifuata kila alichoonyeshwa, na hakuongea tena. Waliendelea mpaka Sal akasema basi. Hawakupeana mkono wala kuagana. Lukens alivaa koti, akaondoka na gari lake, akiacha mlango wa banda wazi na upepo ukiingia.

Nilimpeleka Sal hospitali. Njiani alikaa ameegemeza kichwa dirishani, mkono kwenye paja. Nilidhani ataniambia nimfukuze Lukens siku hiyohiyo, na ningekubali.

"Mkono uko hai," akasema.

"Unasemaje?"

"Shetani yule mkono wake bado uko hai. Si kama zamani. Atakupa awamu tano kati ya tisa, ya sita anaanza kurusha kwa mgongo. Lakini tano atakupa. Mweke wa tano."

"Amekuvunja kidole makusudi."

"Najua. Namchukia, Gene. Namchukia mpaka jina lake. Ila sikuja hapa kupanga ninaowapenda."

Kesho yake nilimkuta Lukens kwenye mgahawa wa barabara kuu, mbele yake sahani ya mayai na viazi vya kukaanga. Nikamwambia bila kuzunguka: una nafasi, ya tano.

Alicheka kidogo. "Na wa kwanza?"

"Brito."

"Brito niliyemfundisha mimi mpira wa kupinda?"

"Huyo."

Akakata yai, akaacha uma. "Nipe siku ya ufunguzi tu, Gene. Siku moja. Baada ya hapo nipange wa tano, nipange wa hamsini, sitafungua mdomo. Mama yangu anakuja kila mwaka kutoka Indiana kuangalia ufunguzi."

Ningeweza kumpa. Makocha wengine hufanya hivyo, mkongwe anafungua kwa heshima, kisha zamu inapangwa upya. Lakini ufunguzi ule tulikuwa tunacheza na Corley, wa ng'ambo ya mto, ambao hatupendani nao, na kumwondoa Brito kungesukuma kila mtu nyuma siku moja. Na zaidi ya hayo, bado nilikuwa nasikia kile kidole kikivunjika.

"Hapana," nikasema.

"Ni Sal huyo anaongea."

"Sal ndiye aliyekuombea ya tano. Mimi nilitaka kukufukuza."

Hilo lilimuuma kuliko yote. Nililiona likiingia. Akasukuma sahani hadi upande wangu wa meza. "Sihitaji kuombewa na yule mzee. Mwambie Mama Renfrow aniachie niende."

Mama Renfrow alilia, akamwachia. Haikupita wiki, Corley wakamchukua.

Aprili ilipofika, Corley wakampa ufunguzi. Sikushangaa, ningekuwa wao ningefanya vilevile. Alipanda kilima cha kurushia kwenye uwanja wetu, jezi ya kijani ya watu tusiowapenda, na mashabiki wa Brannock hawakujua la kufanya, nusu wakapiga makofi, nusu wakazomea. Mama yake, ambaye mwaka huo alikuja kukaa naye msimu mzima, alikuwa nyuma ya benchi la Corley, blanketi magotini. Lukens akarusha awamu sita. Tulishindwa mbili kwa moja. Brito alirusha vizuri, lakini Lukens alirusha kwa hasira, na siku ile hasira ilikuwa na kasi zaidi.

Mechi ilipoisha alipita mbele ya benchi letu, ingawa njia yake haikuwa hiyo.

"Kidole kimepona, mzee?"

"Kimepona vibaya," Sal akasema.

"Vizuri."

Tungerudiana na Corley katikati ya Mei. Wiki moja kabla, Sal aliniletea mpango wa zamu. Brito alikuwa amesogezwa mbele ili akutane na Lukens tena, na mapumziko yake yamekatwa.

"Huu ni nini?" nikamuuliza.

"Anaweza. Ana umri mdogo."

"Wewe ndiye uliyeniambia ukimkatia kijana mapumziko unamkopa mkono na hutaulipa kamwe."

"Nataka apigwe, Gene. Nataka yule mtu apigwe mbele ya mama yake."

"Sikia unavyoongea."

"Najisikia vizuri sana."

Tulipigiana kelele mpaka wachezaji wakanyamaza chumba cha pili. Akaniita mwoga, mtumwa wa Mama Renfrow, na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Mwisho nikamwita Brito, nikamuuliza yeye mwenyewe, mbele ya Sal.

Brito alisimama mlangoni, taulo begani. "Ukiniambia nirushe, kocha, nitarusha," akasema. "Lakini mimi sina ugomvi na Dwight. Alinifundisha kupinda mpira. Ugomvi ni wenu wakubwa."

Sal alichukua karatasi yake mezani, akaikunja, akatoka. Brito alibaki kwenye zamu yake ya siku iliyofuata. Dhidi ya Lukens nikampanga wa kwetu wa tano, mtu wa kawaida kabisa aitwaye Pruett, ambaye msimu wote hakuna aliyemnunulia hata soda.

Lukens hakufika mbali. Awamu ya nne, alirusha mpira wa kasi, na kabla mpira haujamfikia mpigaji yeye alikuwa ameshaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Alizunguka kilima mara moja, akachuchumaa. Uwanja wote ulisimama, hata wale wa kuzomea. Daktari wa Corley akamtoa. Kwenye benchi letu mtu mmoja alianza kupiga makofi ya dhihaka, Sal akamgeukia, akamwambia akirudia atamng'oa meno.

Tulishinda siku ile. Pruett alinunuliwa soda.

Baada ya mechi, kupitia dirisha la ofisi yangu, nilimwona Lukens kwenye maegesho akisubiri gari la kumpeleka kupigwa picha za bega, mkono umefungwa kifuani, mama yake ameshika begi. Kisha nikamwona Sal akitoka na kwenda walipo. Walisimama, kati yao kuna gari la mtu, na walizungumza kwa muda. Mama yake Lukens alikuwa akiangalia pembeni. Nikajisemea kumbe, haya, imekwisha.

Sal akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nimemwambia ndiye mrushaji bora niliyewahi kufanya naye kazi."

"Naye?"

"Kaniambia niende motoni, na nimchukue Brito twende wote."

Akavua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga kwenye ndoo ya taka, akashika cha pili.

"Mkono wenyewe hauinuki tena," akasema. "Lakini mdomo bado una kasi."