Pumzi ya Chungu

Mzee Ilukor alikuwa ameizunguka dunia, Malaba hadi Juba, Juba hadi Bukavu, tanboi, yaani msaidizi wa lori, kwanza, dereva baadaye. Alipochoka alirudi kwao Angurai kama mtu aliyetoka dukani tu. Sasa ni miaka saba. Kila alasiri huchukua mrija wake mrefu, akaenda kwa jirani yake Emojong, akaketi na wazee wenzake kuzunguka chungu cha ajono, pombe ile ya wimbi inayoongezwa maji moto mpaka jua lishuke. Huvuta, husikiliza, hucheka wengine wakicheka. Jambo moja tu hakuwa ameligusa: kwa nini aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na mmoja.

Aliyemchokonoa ni mjukuu wake Apio, wala hakujua anachochokonoa. Apio alikuwa gredi ya tisa, mtoto wa maswali. Ukimjibu leo, kesho swali limezaa. Kwa nini wimbi likimea linakuwa tamu? Kwa nini lori za foleni ya mpakani zinalia tairi mchana kuliko asubuhi? Mama yake alishamwambia maswali mengine ayaache yalale. Mwalimu wake wa sayansi, Bi Magdaline, yeye alimletea fomu. Shule moja ya bweni, mbali huko, ilikuwa inatafuta watoto arobaini nchi nzima wa darasa maalumu la sayansi. Anayeomba afanye jaribio la kitu cha kwao, alipige picha, na watu wazima wawili walioona kwa macho yao watie sahihi. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

"Babu, nimechagua chungu," Apio akamwambia Jumatatu.

"Chungu gani?"

"Cha ajono. Kinatoa povu na moto hakuna. Nafikiri kinapumua kama sisi."

Akamweleza. Bi Magdaline alikuwa amempa chupa mbili za maji ya chokaa, maangavu kama ya kisima. Pumzi ya mtu ikipita humo, maji yanageuka kama maziwa. Basi hewa ya chungu ipite kwenye chupa moja, kwa mpira mwembamba uliopitishwa kwenye tundu la kifuniko. Chupa ya pili mtu apulize kwa mrija, papo hapo, mbele ya mashahidi wale wale, waone kama pumzi hizo mbili ni ndugu.

Alipotaja kupuliza, mzee akaweka kikombe chini.

Kwa Wateso wa huku mrija ni wa kuvuta. Anayepuliza mrija mbele ya chungu ni kama amewatemea wazee wote mate kwa mara moja, na faini yake haina mjadala. Ilukor aliijua faini hiyo. Akiwa na miaka hiyo kumi na mmoja alitumwa na baba yake apeleke maji moto kwenye chungu cha baba wa Emojong, akakuta wazee wametoka nje kuangalia ng'ombe waliopigana. Mirija imesimama yenyewe ndani ya chungu, na chungu kinanong'ona. Akashika mrija wa baba yake, akapuliza, ajue kinachonong'ona ni nini. Povu likapanda likamwagika. Emojong, mtoto mwenzake, alikuwa mlangoni, na mdomo wake haukukaa kimya.

Mbuzi akalipwa. Siku ya tatu baba yake akamvusha mto Malaba, akamwacha kwa mjomba ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo. Darasa la nne akasoma huko nusu, la tano Mbale nusu, na nusu iliyobaki ya kila kitu akaisomea barabarani.

Jumanne alienda kwenye chungu na maneno mdomoni, akarudi nayo. Apio hakuuliza, na Apio kutouliza kulimuuma zaidi. Jumatano, kabla hata ya kutumbukiza mrija, akawaeleza wazee habari yote ya jaribio.

Okiror, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alitaka kujua kama fomu hiyo itapita kwa chifu, maana picha ya chungu na majina yao chini yake ni kama kujipeleka wenyewe kituo cha polisi kwa pombe ambayo serikali huikamata. Wengine wakacheka. Mmoja akasema mtoto wa kike akiingiza mpira leo, kesho ataleta sindano. Kisha ikaja ile ya kupuliza, na kicheko kikakatika.

Emojong alikuwa anaangalia povu.

"Ilukor," akasema, "siku ile ulipopuliza, uliona nini?"

Miaka sitini na zaidi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sikuona kitu. Nilipigwa kabla sijaangalia."

Emojong akafuta mrija wake polepole kwa kiganja. "Mimi nilikimbia kusema. Ningengoja kidogo tungeona wote." Akamwita mke wake alete kifuniko kile cha zamani. "Mlete huyo mtoto. Chunguni asipulize mtu. Lakini chupa si chungu."

Alhamisi saa tisa Apio akaja na sare ya shule, na Bi Magdaline na simu yake. Akapitisha mpira kwenye kifuniko, akaziba pembeni kwa unga wa muhogo uliokandwa, ncha akaitia kwenye chupa. Wakangoja. Wazee wakainamia chupa. Vipovu vikaja kimoja kimoja, na maji yakaanza kuingia weupe, kama kioo kinachopata ukungu, mpaka yakawa maziwa.

"Sasa mtu," Apio akasema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Emojong akamgusa Ilukor kwa kiwiko. "Endelea. Leo uangalie."

Akashika mrija wake mwenyewe, uliooshwa kwa maji moto. Akapuliza, macho hayakutoka kwenye chupa, akaona weupe ukipanda kutoka chini, maziwa matupu, sawasawa na yale ya chungu. Okiror akauliza kama wanaweza kukamuliwa wote. Emojong akaweka dole gumba kwenye fomu, Okiror akaandika jina lake lote na la baba yake.

Fomu ilitumwa usiku huo huo. Jibu lilikuja Desemba, na Januari Apio akapanda basi la alfajiri Malaba, sanduku lake likiwa limefungwa kamba ile ile ambayo Ilukor alifungia turubai barabara ya Juba.

Chupa zilibaki dirishani kwa mzee. Weupe umeshuka chini, maji juu yamekuwa safi tena. Akirudi kutoka kwa Emojong huchukua moja, huitikisa, na kusimama pale akiiangalia mpaka itulie.