Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Gari la kujifunzia lilizimika katikati ya mlima kwa mara nyingine, na fundi saa akaachia usukani kana kwamba umemchoma.

"Basi, mwalimu. Niache nirudi kwenye saa zangu. Mimi sina akili ya gari."

"Akili unayo, fundi. Mguu wa kushoto tu ndio uliokuwa na haraka."

Mwalimu wa udereva alisema hivyo bila kupandisha sauti. Kiatu chake kilikuwa kimetulia juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wake. Lori lililokuwa nyuma yao likapiga honi ndefu.

"Huyo mwache aimbe. Gari limezima tu, halijafa. Breki. Gia huru. Washa."

Fundi saa akawasha. Gari likaruka kama mwanambuzi, likajikaza, likapanda. Mtu mzima na mvi zake akashangilia mpaka kileleni.

Hapo ndipo sauti ikalipuka kiti cha nyuma. "Bichwa ndoo wewe! Ndoo yenyewe imetoboka!"

Fundi saa nusura azimishe tena. "Ananiambia mimi?"

"Hapana, babu, samahani," sauti ikanywea. "Najiambia mwenyewe."

Nyuma alikaa binti wa mwalimu, ndani ya sare za shule, kadi za hesabu zimemjaa mapajani. Nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika. Jumamosi alitakiwa kusimama jukwaani kwa niaba ya darasa lake kwenye mashindano ya hesabu za kichwa. Hesabu alizijua. Tatizo lake ni kwamba akikosea moja tu, basi. Chiriku mzima aligeuka bubu mpaka kengele ya mwisho. Asubuhi hiyo alikuwa amemwambia baba yake kwamba kesho angemwomba mwalimu wa darasa amweke mwingine.

Fundi saa alikuwa akicheka usukanini. "Mwalimu, huyo mtoto amejipatia mwalimu mkali! Mimi ningefundishwa hivyo ningeuacha udereva siku ya kwanza."

Maneno hayo yaliandamana na baba mpaka nyumbani.

Jioni alimsimamisha binti yake mbele ya kioo cha kabati. "Haya, jitazame. Sema: mimi ni bingwa wa hesabu."

"Mimi ni bingwa wa hesabu," Chiriku akasema, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu.

"Kwa furaha kidogo."

"Baba, kioo chenyewe kinanicheka."

Baba akakuna kichwa, akarudi kwenye pasi. Alikuwa akinyoosha shati lake jeupe la Jumamosi, na akili yake ilikuwa mbali. "Hilo neno la bichwa ndoo, mama, umelitoa wapi? Shuleni?"

Harufu ndiyo iliyojibu. Baba akaiinua pasi: alama ya hudhurungi, pana kama kiganja, katikati ya mgongo wa shati.

"Aa! Bichwa ndoo mimi!"

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akaushusha ungo taratibu.

"Haya," alisema, "mwenye ndoo amejitokeza."

Wakacheka mpaka bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Chiriku ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Baba, fundi saa anazimisha gari kila siku. Mbona yeye humwambii hivyo?"

Baba akaitazama alama ya pasi. Miaka yote amekaa kando ya watu wanaomgongea vizuizi na kumsagia gia, na hajapata kumtukana hata mmoja. Alijua tangu zamani kwamba mtu akitukanwa mguu hukakamaa. Hakuwahi kufikiri kwamba na yeye mwenyewe ni mtu.

Akachomoa pasi, akaburuta viti viwili, akaviweka sambamba. "Kaa. Hiki cha dereva. Na hiki pembeni pia ni chako. Ukikosea hesabu, hamia huku umwambie dereva. Umwambie nini?"

Chiriku akafikiri, akahamia kiti cha pembeni. "Limezima tu."

"Enhe. Halafu?"

"Breki. Pumua kwanza. Gia huru. Iache ile iliyoharibika." Macho yakaanza kumng'aa. "Washa!"

"Sasa hilo kioo hakitalicheka," baba akasema.

Kesho yake mwalimu wa darasa hakuombwa kitu.

Jumamosi ukumbi wa shule ulifurika. Jukwaani kulikuwa na meza mbili, kengele moja kila meza, na mshindani mmoja kutoka kila darasa. Baba alivaa shati lake na koti juu, lisionekane mgongo.

"Ishirini na tano mara kumi na sita!"

Chiriku akaigonga kengele kama anaua nzi. "Mia tatu!"

"Si sahihi."

Mvulana wa meza ya pili akatoa mia nne bila jasho, na watu wake wakapiga makofi. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanong'ona, "Huyo kwisha." Mabega ya Chiriku yakaanza kupanda kuelekea masikioni.

Baba akakanyaga. Mguu wa kulia ulijiendea wenyewe, ukasukuma kiti cha mbele na mama aliyekikalia.

"Toa mguu, mwanangu," bibi akamwambia. "Hapa breki huna."

Ni kweli, hakuwa nayo. Alichoweza ni kutazama tu midomo ya binti yake. Ilitikisika. Chiriku akasogea kidogo pembeni, upana wa kiti kimoja, kisha akarudi. Mabega yakashuka.

"Tisini na nane mara saba!"

Kengele. "Mia saba toa kumi na nne... mia sita themanini na sita!"

"Sahihi!"

Ukumbi ukachangamka. Wakawa wanapokezana, yeye moja, mvulana moja, mpaka wakalingana, likabaki swali la mwisho.

"Mia moja ishirini na tano mara ishirini na nne!"

Vidole vya wote wawili vilikimbilia kengele. Cha Chiriku kilitangulia. "Mara nane ni elfu moja," alisema kwa sauti, sasa chiriku kamili, "na nane ziko tatu. Elfu tatu!"

Bibi alisimama kabla ya jibu kuthibitishwa, akapiga vigelegele mpaka kanga ikamdondoka. Darasa zima likapanda jukwaani.

Nje, wazazi na watoto walilizunguka gari la kujifunzia wakipunga mikono. Baba aliingia, akiwapungia nao kwa furaha, akaondoa gari kwa madaha mbele ya lango. Likaruka, likakohoa, likazimika. Umati ukaangua kicheko: mwalimu wa udereva!

"Aa! Bich..."

"Baba," ikasema sauti ya kiti cha nyuma, taratibu kabisa. "Limezima tu. Breki."

Akakanyaga breki.

"Gia huru."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, na akawasha.