King'ora Chini ya Daraja

Kazini walimwita King'ora, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha gari la wagonjwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kazi ilimfundisha pia mtu asiyefunga mkanda huokotwa wapi ajali ikitokea. Lakini mganga hajigangi.

Mama yake, mkunga mstaafu, alitamani kwenda kumwona mdogo wake aliyeishi mwendo wa siku nzima. Magoti yalikuwa yameshamwisha nguvu. Kwenye basi asingeweza kukunja miguu saa zote hizo. Ndipo King'ora akapata wazo la kukodi gari-nyumba, kubwa kama lori dogo, lenye jiko, choo, meza yenye viti na mikanda, na kitanda kilichochomoza mbele, juu kabisa ya kichwa cha dereva. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alifunga duka siku nne ili awasindikize.

Mwenye gari alikuwa mzee mwangalifu, wa kurudia jambo mara tatu. Alimwonyesha King'ora namna ya kufunga gesi, kisha akagonga karatasi aliyoibandika kwenye kibao cha kuzuia jua.

"Kimo chake ni mita tatu na robo. Ukiona daraja, soma kwanza."

"Mzee wangu, hapa umepata dereva," King'ora akamjibu. Walipoondoka akakipandisha kile kibao juu, na karatasi ikafichika.

Safari ilianza vizuri. Mama alinyoosha miguu kwenye kiti cha nyuma, mkanda kifuani, akila karanga. Dada, ambaye wiki nzima alikuwa akishona sare za shule, macho yalikuwa yamemwiva. Akauliza kama anaweza kulala kidogo.

"Panda huko juu, dada. Barabara imenyooka kama rula."

"Gari linatembea, mtu alale huko bila kufungwa?" mama akauliza. "Wagonjwa wako si unawafunga?"

"Wale ni wagonjwa, mama. Huyu ana usingizi tu."

Dada akacheka, King'ora akacheka. Mama hakucheka. Dada akapanda ngazi, akavuta pazia. King'ora akasikia godoro likilalama juu ya kichwa chake, akaongeza sauti ya redio.

Mbele kidogo barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Wakaelekezwa njia ya pembeni iliyopita katikati ya maduka, kisha chini ya daraja la reli. Mbele yake pikapu ilipita bila kupunguza mwendo, naye akaifuata. Bango aliliona, duara jekundu lenye namba katikati, lakini aliliona kama mtu anavyoona tangazo la sabuni. Chini ya madaraja ya namna ile alikuwa amepita mara mia na gari lake la wagonjwa.

Kishindo kilikuja kabla hajaelewa kwamba kuna kitu cha kugonga. Mkanda ulimkata begani. Mabati yalilia, mbao zikapasuka, vyombo vya jikoni vikamwagika vyote kwa pamoja, kisha gari likasimama kama lililoshikwa shingo. Redio ikaendelea kuongea. Mwanamke mwenye sauti tamu alikuwa akitangaza mauzo ya magodoro.

King'ora alitazama juu. Dari ilikuwa imeshuka hadi karibu na nywele zake. Kile kitanda kilikuwa kimebanwa na zege la daraja kikawa chembamba kama kitabu, na kwenye ufa mtandio wa njano wa dada yake ulikuwa unaning'inia.

Alijaribu kugeuka nyuma, akakuta kabati limeanguka likaziba njia. Akaitazama mikono yake. Bado ilikuwa imeshika usukani vizuri kabisa, kama ya mwanafunzi wa udereva siku ya mtihani. Alilazimika kuibandua kidole kimoja kimoja.

Hakukumbuka baadaye namna alivyotoka. Alijikuta amesimama kwenye lami, amekodoa macho kwenye ule ufa. Watu walikuwa wanakimbia kutoka madukani. Mwanamume mwenye aproni ya kinyozi alimtikisa.

"Kaka! Kuna wangapi ndani?"

"Kumi na tisa," King'ora akasema.

"Watu kumi na tisa?"

"Miaka."

Kinyozi akamwacha. Akaokota chuma, akazunguka nyuma na wenzake wawili, wakaanza kuubandua mlango. King'ora hakwenda kuwasaidia. Yeye aliyewahi kumtoa mtu kwenye gari linalowaka hakuweza kuinua mguu. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, "panda", linajirudia kwa sauti yake mwenyewe.

Mlango ukang'oka. Ndani ya vumbi ikatoka sauti ya mama yake, kali kama ya zamani wodini.

"Taratibu! Mkono huu umevunjika, msimvute!"

King'ora akasikia maneno, maana yake isimwingie. Mkono wa nani? Akasogea kama anayetembea ndani ya maji. Mama alikuwa kwenye kiti chake, damu kidogo kwenye paji la uso. Na kando yake, mkanda kifuani, uso mweupe kwa vumbi, amekaa dada yake.

Alimtazama, akarudi kuutazama ule mtandio, akamtazama tena. Kwa muda aliamini kwamba anaona mzimu.

"Umeshukaje?" akanong'ona.

"Mama aliniita," dada akasema, meno yakigongana.

King'ora akakaa chini kwenye vipande vya vioo.

Gari la wagonjwa la mji ule lilifika upesi. Nesi kijana akamshika bega. "Kaa hapo baba, vuta pumzi, tuachie sisi." Maneno hayohayo yeye mwenyewe alikuwa ameyasema mara zisizohesabika kwa waume, kwa wake, kwa wazazi. Hakuwahi kujua kwamba anayeambiwa hasikii chochote.

Askari wa barabarani alikuja na daftari.

"Kimo cha gari hili?"

King'ora akatikisa kichwa. Askari akaingiza mkono dirishani, akashusha kibao, akasoma karatasi. "Mita tatu na robo. Daraja ni mita tatu kasoro. Bango hukuliona?"

"Nililiona."

"Hukulisoma?"

"Nililiona," akarudia, na askari akaacha kuuliza.

Hospitalini, dada akiwa ndani anafungwa plasta, mama alimwambia yaliyotokea huko nyuma kabla ya kishindo.

"Nilimwambia moyo unanienda mbio, ashuke anishike mkono. Alipokaa tu nikamfunga mkanda. Akaninunia, akasema namfanya mtoto. Dakika tano hazikupita."

"Kwa nini hukuniambia mimi nisimamishe gari?"

"Nilikwambia, mwanangu. Ulicheka."

Mama hakusema kwa hasira. King'ora aligeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu kishindo kile, akalia.

Leseni yake ilizuiwa miezi sita. Kazini walimpa kazi ya kuosha machela na kukagua mikanda yake, na hakuna aliyethubutu kumwita King'ora. Mkono wa dada uliunga, ila mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia, na kidole gumba kikabaki na ganzi. Mkasi ulimponyoka kila mara.

Basi siku zake za mapumziko King'ora akawa anakwenda dukani kwa dada yake kukata vitambaa. Mwezi wa kwanza hawakuzungumza mengi. King'ora alikata, dada akashona. Siku moja dada akainua kipande cha sare kilichopinda kama mkia wa nguruwe, akakigeuza huku na huku.

"Hii ni suruali ya nani? Ya mtu mwenye miguu mingapi?"

King'ora hakujua kama anaruhusiwa kucheka.

"Kata palipo na chaki, mdogo wangu," dada akasema. "Si palipo na mawazo yako." Akamrushia kipande kingine, akarudi kwenye cherehani.