Mkaa Kwenye Sinki

Gluu. Gluuu. Kimya kidogo, halafu glu moja fupi, kama mtu anayemeza dawa chungu kwa kulazimishwa.

Sifuna aliisikia sauti hiyo akiwa bado kitandani, na kabla hajafumbua macho alikuwa ameshakasirika. Ilikuwa sinki ya jikoni. Tangu mvua zianze, maji yalikuwa yanashuka humo kwa shingo upande, na kila asubuhi yalichelewa zaidi.

Kilichomuuma ni kwamba sinki hiyo aliifunga kwa mikono yake mwenyewe walipohamia nyumba hii ya Tuwan. Hakuita fundi. Mtu ambaye mageti aliyoyachomea yalikuwa yamesimama Kitale yote mpaka Kiminini, amwite nani aje kumfungia bomba la plastiki? Sasa bomba lenyewe lilikuwa linamcheka.

Jikoni alimkuta mkewe, Chemutai, mikono kiunoni, akiyatazama maji machafu yaliyotuama. Kipande cha sukuma wiki kilikuwa kinazunguka juu yake polepole, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

“Imekataa tena,” Chemutai alisema. “Na mama yuko njiani.”

“Najua yuko njiani.”

“Kuku nitaoshea wapi? Vyombo je? Si umwite tu Kiarie?”

Kiarie, jirani wa ng’ambo ya ua, alikuwa fundi wa mabomba, na Sifuna afadhali angekunywa maji yale ya sinki kuliko kumwita.

“Kiarie aje kufanya nini kwangu? Kwani mimi sina mikono? Hii sinki haina shida. Shida ni hicho kibuyu chako.”

Kibuyu kilikuwa kwenye rafu, kirefu, cheusi kwa uzee, kimefunikwa kwa ngozi iliyoshonewa shanga. Chemutai alikuja nacho kutoka kwao Kachibora. Humo aligandishia mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na kabla ya kumimina maziwa alisugua ndani kwa mkaa uliosagwa laini, kama wafanyavyo wanawake wa kwao. Sifuna aliyanywa maziwa hayo akilamba midomo. Lakini sinki ilipoanza kugoma, mkaa huo ndio ulioshikwa na kufungwa bila kusikilizwa.

“Ukikiosha, mkaa unaenda wapi?” alifoka. “Si kwa bomba? Mkaa ni mawe, Chemutai! Umejaza bomba langu mawe!”

“Nakioshea nje, kwa migomba. Nimekuambia mpaka nimechoka.”

“Nani alikuona?”

Chemutai alimgeukia. Alipozungumza, alizungumza taratibu, na hapo ndipo Sifuna alipojua kwamba mambo yameharibika.

“Sikiza, Sifuna. Umekitukana hiki kibuyu usiku na mchana. Umekitukana mbele ya marafiki zako, nikanyamaza. Leo mama anakuja kuona vile naishi. Ukikitaja tena kwa ubaya, mara moja tu, nakifunga kwa leso narudi naye Kachibora. Na usinifuate.”

Akachukua kikapu akaenda sokoni kutafuta kuku.

Sifuna alibaki amesimama. Maneno hayo yalimtisha, na kwa sababu yalimtisha, hasira ilimpanda maradufu. Yeye aambiwe hivyo nyumbani kwake, kwa sababu ya kibuyu! Basi leo angeutoa huo mkaa. Angeuweka kwenye sahani, auweke mezani, mkewe auone kwa macho yake, aombe msamaha. Kisha angetoka mapema aende karakana. Kwao Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja, na Sifuna, pamoja na ukaidi wake wote, hakuwahi kuichezea heshima hiyo. Walikuwa wamekubaliana kwamba jioni akirudi, mama akiwa ameketi sebuleni, angemsalimu kupitia dirisha.

Alianza na maji ya moto. Alichemsha sufuria nzima, akaimimina. Maji yakasimama palepale, yakamfukizia mvuke usoni.

Akachukua plunja ya mpira, akaziba tundu la pembeni kwa kitambaa, akasukuma na kuvuta mpaka mabega yakawaka moto. Sinki ilinguruma, ikatapika maji ya kijivu juu ya shati alilopiga pasi kwa ajili ya siku hiyo.

“Mjinga wewe!” aliipigia kelele sinki.

“Bwana Mageti!” Sauti ya Kiarie ilivuka ua. “Nasikia vita huko ndani. Nani anashinda?”

“Kunywa chai yako, Kiarie!”

“Nakunywa, bana. Lakini ukilemewa, wewe piga magoti tu, mimi nakuja na spana.” Kisha akaanza kupiga mluzi.

Sifuna alinyoosha kipande cha waya, akakisokomeza kwenye tundu kwa chuki. Kikashuka, kikagota kitu, kikakataa kupita. Alipokivuta, kilirudi kikiteleza vidoleni. Jambo hilo lilimsumbua kidogo, maana mkaa hauna utelezi. Hakutaka kulifikiria. Simu nayo ikalia.

Ilikuwa mama yake, Wilkista, kutoka Bungoma.

“Mwanangu, yale majivu nilikutumia yalifika? Ya maganda ya maharagwe?”

“Yalifika, mama. Tunatumia.”

“Na huyo msichana wa watu ameshajua kukuchujia munyu?”

Sifuna alikohoa. “Anajua, mama. Anajua sana.”

Ulikuwa uongo. Chemutai alipika mboga zake kwa chumvi ya dukani. Aliyechuja munyu, chumvi ya majivu, ni Sifuna mwenyewe, jioni ambazo mkewe alikuwa kwa mazoezi ya kwaya. Alikuwa na kopo alilolitoboa matundu chini. Alilijaza majivu, akalining’iniza juu ya bakuli ndani ya sinki, akamimina maji yakashuka tone kwa tone, ya rangi ya chai, ili kesho mboga ya kunde ilainike na kunukia kama ya kwao. Kazi hiyo hufanyiwa nje, nyuma ya nyumba, na hufanywa na wanawake. Kiarie angemwona ameinamia kopo la majivu, Tuwan nzima ingecheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo alijificha jikoni, akamwambia mkewe kwamba anachujia karakana, na akimaliza alisuuza kopo chini ya bomba mpaka likang’aa. Majivu ni unga tu, na unga huenda na maji.

Alikata simu akalala chali sakafuni. Chini ya sinki kulikuwa na pazia badala ya milango. Akaingiza kichwa na mabega nyuma yake, akavuta ndoo chini ya lile bomba lililopinda kama kiwiko, akawasha tochi ya simu. Kando ya shavu lake kulikuwa na gunia la makaa ya jiko. Alishika nati kubwa ya plastiki kwa mikono miwili, akakaza meno. Ilikataa. Aliitukana kwa Kiswahili, ikakataa. Akaitukana kwa Kibukusu.

Akasikia ndara zikiingia jikoni, zikasimama karibu na miguu yake.

“Umerudi?” alisema kutoka nyuma ya pazia, akihema. “Vizuri. Kaa hapo hapo uone. Natoa huo uchafu wa kibuyu chenu sasa hivi. Nyinyi watu mnakunywa makaa halafu mnakuja kuziba nyumba za wenyewe! Nikimaliza hapa nakivunja hicho kibuyu vipande vipande, na kama hutaki, mfuate mama yako Kachibora, mkakae huko na mkaa wenu!”

Kisha sauti nzito ya mama mtu mzima ikasema, bila haraka:

“Mama yake ameshafika.”

Sifuna aliinuka kwa mshtuko, kichwa kikagonga zege la sinki. Akakunja miguu yote miwili upesi nyuma ya pazia, akajikunyata kati ya gunia na ndoo kama kuku aliyeona mwewe. Kutoka hakukuwezekana, maana pazia likifunguka tu wangetazamana.

“Niliambiwa watu wa Bungoma hawaongei na mama mkwe,” mama alisema. “Naona wewe umeongea yote mara moja.”

“Mama, mimi, mimi nilifikiri ni...”

“Ulifikiri ni mtoto wangu. Nimesikia. Kwa hivyo yeye ndiye huongeleshwa hivyo.”

Jasho lilimwingia machoni. Alitamani kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni yeye peke yake.

Mlango wa nje ulilia. Chemutai aliingia na kuku akilalamika kikapuni.

“Mama! Umefika mapema!” Kisha, polepole: “Kuna nini? Sifuna ako wapi?”

“Sandana, mkwe wetu, ako hapo nyuma ya pazia. Anatafuta mkaa. Akiupata anavunja kibuyu cha bibi yako, halafu mimi na wewe twende Kachibora. Ameniambia mwenyewe.”

Kuku alinyamaza. Sifuna alisikia hatua za mkewe zikielekea kwenye rafu. Alisikia shanga za kibuyu zikigongana, kisha leso ikikung’utwa mara moja, kwa nguvu. Hakuona chochote ila kitambaa cha pazia na vivuli viwili.

“Chemu, ngoja. Ngoja nikuonyeshe!”

Aliirudia nati kwa hasira zote alizokuwa nazo, za sinki, za Kiarie, za shati, za aibu ile. Ikalegea ghafla. Kiwiko cha bomba kikamwangukia kifuani, na uchafu wote ukashuka, nusu kwenye ndoo, nusu shingoni mwake.

Alimulika. Ndani ya ndoo kulikuwa na donge refu la kijivu. Alilivunja kwa vidole akitafuta weusi. Lilikuwa laini na gumu kwa pamoja, linateleza kama kipande cha sabuni, majivu yaliyokamatana na mafuta ya kupikia. Alilivunja tena, na tena. Hakukuwa na punje moja ya mkaa. Lilikuwa na harufu ya jikoni kwa mama yake.

Alikaa akilitazama.

“Mkaa uko wapi, sandana?” mama mkwe aliuliza. “Toa tuuone.”

Kando ya bega lake gunia la makaa lilikuwa wazi. Hakuna aliyemwona nyuma ya pazia. Mkono wake ulitangulia kabla ya akili, ukachukua kipande kidogo cha mkaa kinachotosha ngumi. Angekisaga ndani ya ndoo, akoroge na maji, awe amesema kweli tangu mwanzo. Angebaki na sinki yake na heshima yake, na kopo lake la majivu.

“Mama, twende,” Chemutai alisema. “Sitaki kuuona. Hata kama haumo, huyu ataupata. Ananijua mimi ni mkosaji kabla hajatafuta.”

Sifuna aliganda, ngumi ikiwa juu ya ndoo. Alitazama kipande cha mkaa mkononi mwake. Hasira aliyokuwa amewabebesha watu wote tangu asubuhi iligeuka, ikamwangalia yeye usoni, na hakuwa na mahali pa kuikwepa katika nafasi ile ndogo. Wewe, alijiambia. Mwongo wewe, unayejificha na kopo. Mwoga wewe. Mke wako aende kwao kwa sababu unamwogopa Kiarie?

Alikirusha kile kipande ndani ya gunia, akaisukuma ndoo kwa mguu mpaka ikatoka upande wa pili wa pazia.

Vivuli viliinama.

“Hii si mkaa,” mama mkwe alisema.

“Ni majivu,” Chemutai alisema. Alikuwa ameingiza mkono. “Majivu kutoka wapi? Ya jiko mimi namwaga kwa migomba.” Kisha kivuli chake kikainuka, na Sifuna alijua kwamba amelikumbuka lile kopo linalong’aa. “Sifuna. Wewe ulikuwa unaniambia unachujia munyu wako karakana.”

“Nilikudanganya.”

“Unasuuza hapa? Kwa hii sinki?”

“Hapa.”

“Na mimi unanitukana!” Sasa alipiga kelele, na kelele hizo zilimfanya kuku naye aanze upya. “Bibi yangu marehemu unamtukana! Mama yangu! Kwa majivu yako mwenyewe!”

“Ndiyo.”

“Ndiyo nini?”

“Ndiyo, nilikutukana bure. Niliona haya Kiarie anione nje nachuja kama mwanamke. Basi.”

Mama mkwe alitoa sauti fupi puani. Hakucheka.

“Chemutai,” alisema, “kibuyu kiko mkononi mwako. Mimi sitakuambia ukifungue wala ukifunge. Lakini huyu kwanza aseme. Wee kijana, usitoke. Heshima yenu nimeijua. Sema ukiwa huko huko, mimi nina masikio.”

Maji ya kijivu yalikuwa yanatiririka kutoka shingoni kwenda mgongoni. Juu yake sinki ilikuwa tupu, wazi mpaka chini, haina sauti tena. Ng’ambo ya ua Kiarie alikuwa ameacha kupiga mluzi, na Sifuna alijua wazi kwamba amesimama kwenye ua anasikiliza. Basi na asikilize. Alivuta pumzi, akapaza sauti ipite pazia, ipite dirisha, ifike kila mahali:

“Mama, nakuahidi, na Chemutai anasikia, na Kiarie huko nje anasikia! Munyu wangu nitauchujia nyuma ya nyumba, mchana kweupe, anayetaka kucheka aje na kiti. Na hicho kibuyu sitakitaja tena kwa mdomo huu, ila siku nikiomba maziwa, na nitayaomba kwa adabu.”